Sahani Zing'aazo

Miongoni mwa vyombo vya muziki vilivyopata kuingia nyumbani mwetu, kinanda cha CD ndicho kilichokaa muda mfupi kuliko vyote, na ndicho kilichosifiwa kidogo kuliko vyote. Santuri ina historia yake; hata leo watu husimulia jinsi Siti binti Saad alivyovuka bahari mwaka 1928 kwenda Bombay kuimba mbele ya chombo cha kunasia sauti. Redio ilikuwa mwenyeji wa kila ua. Kaseti ilitembea mifukoni mwa watu hata vijiji visivyo na barabara. Lakini CD ilipokuja, watu walikuwa hawajaizoea vema, mara simu ya mkononi ikafika na kuketi mahali pake. Leo nikikitaja kinanda hicho mbele ya wanafunzi wangu, hutabasamu kwa adabu, kama watu wanaosikia habari za kandili na kibatari. Sina ugomvi na tabasamu lao. Nataka tu kueleza chombo hicho kwa kadiri nilivyokijua katika mji wa Mpanda, kwetu, na kuhusu jambo moja linalonitia wasiwasi kwa sababu yake, ambalo yamkini linawahusu hata wale wasiopata kukimiliki.

Lugha yetu ilisitasita mbele ya kitu hiki. Neno santuri lilikuwapo tayari, lakini watu hawakulitaka. Walitamka herufi mbili za Kiingereza wakasema sidii, wakaridhika. Mimi katika maandishi haya nitaiita sahani, maana ndivyo ilivyo kwa umbo, na chombo chake nitakiita kinanda, kwa kuwa wazee wetu walikwisha kulikubali neno hilo kwa karibu kila kitu chenye kutoa muziki.

Mpanda ni mwisho wa reli. Tawi linalotoka Kaliua, magharibi ya Tabora, lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya mgodi wa risasi. Mgodi ukafungwa, reli ikabaki, na mji ukabaki pamoja nayo. Mwaka 2012, mkoa wa Katavi ulipotengwa na mkoa wa Rukwa, Mpanda ikawa makao makuu ya mkoa mpya. Kabla ya barabara ya lami kufika, vitu vingi vya mjini vilikuja kwa gari moshi: sukari, saruji, magazeti yaliyochelewa, na muziki. Aliyetaka sahani mpya alimwagiza mtumishi wa reli, au jamaa aendaye Kariakoo, kisha akangoja. Na kungoja huko kulikuwa sehemu ya utamu wenyewe. Umeme nao ulikuwa na tabia zake. Kwa miaka mingi mji ulitegemea majenereta ya dizeli, nje ya gridi ya Taifa. Umeme ulikuja kwa zamu na kuondoka bila kuaga, na ulipokuja pengine ulikuwa na nguvu nyingi mno, pengine kidogo mno. Mwenye kinanda hakuwa na budi kununua stabilaiza kwanza, kama mtu anunuaye kufuli kabla ya baiskeli.

Kinanda cha kwanza nilichokiona kilikuwa mali ya baba yangu mdogo, mtumishi wa reli, aliyekileta mwaka 1998. Kilikuwa redio kubwa yenye mkono wa kuibebea, mahali pa kaseti mbili mbele, na kifuniko cha duara juu. Jioni ya kwanza ua ulijaa watu. Baba mdogo alikuwa na sahani moja tu, ya rumba ya Kongo, nasi tuliisikiliza mara tatu mfululizo. Jirani yetu, fundi cherehani, aliinama akatazama ndani ya kifuniko, akauliza sindano iko wapi. Alipoambiwa kwamba hakuna sindano, bali mwanga tu, alinyamaza kidogo kisha akasema, "Basi shemeji, hiki ukiuziwa, umeuziwa na siri yake." Siku zisizo na umeme kinanda kilikula betri kubwa nane, na kilizila upesi kuliko redio, kwa kuwa mota yapasa kuizungusha sahani wakati wote. Kwa hiyo siku hizo baba mdogo alitugawia nyimbo moja moja, kama mhazini agawavyo posho, na hakuna aliyethubutu kuomba ya pili.

Siri aliyoitaja fundi cherehani haikuwa ya kutisha. Kampuni ya Philips ya Uholanzi na ya Sony ya Japani zilikubaliana juu ya umbo la sahani hii, na vinanda vya kwanza vikauzwa Japani mnamo Oktoba 1982. Sahani ina upana wa sentimita 12. Sauti hupimwa mara 44,100 katika kila sekunde, na vipimo hivyo huandikwa kwa vishimo vidogo mno, vilivyopangwa katika mstari mmoja wa kuzunguka. Mstari huo huanza karibu na katikati ukaelekea ukingoni, kinyume cha santuri. Sahani huzunguka mara zipatazo 500 kwa dakika mwanzoni mwa safari, ikapunguza mwendo hata mara 200 mwishoni, na mwale wa leza huisoma kutoka chini bila kuigusa. Lakini lipo jambo lingine ambalo wanunuzi hawakuambiwa. Sahani huandikwa pamoja na hesabu za ziada, za aina iliyobuniwa na Irving Reed na Gustave Solomon mwaka 1960, ili kinanda kikikuta mahali palipofutika kiweze kukokotoa kilichokuwapo. Vumbi, mkwaruzo mwembamba, alama ya kidole, vyote hivyo hufidiwa kimya kimya, wala msikilizaji hajui kwamba pana kilichopungua. Msomaji na alishike hili, kwa maana nitalirudia.

Nilipokuwa masomoni Ujerumani kwa ajili ya shahada ya udaktari, niliingia siku moja katika duka la muziki nikamkuta Salum Abdallah. Mtu huyo wa Morogoro, kiongozi wa Cuban Marimba, alifariki mwaka 1965. Nyimbo zake zilitoka zamani za santuri, wakati ambapo bendi zetu zilinaswa hapa na pale na sahani zao zikakandamizwa nje ya nchi, Nairobi na kwingineko, kwa kuwa sisi hatukuwa na kiwanda. Mwaka 2000 kampuni ndogo ya Kijerumani iitwayo Dizim ilizikusanya nyimbo zake za kati ya mwaka 1955 na 1965 ikazitoa kwa CD. Nilinunua Morogoro katika Ujerumani nikaipeleka Mpanda. Sisemi hivyo kwa kujisifu. Niliona haya kidogo nilipokuwa nikilipa.

Nyumbani nilimchukulia sahani hiyo mzee mmoja wa Makanyagio, ambaye katika ujana wake alimsikia mwimbaji huyo kwa redio. Kinanda kilikuwa kimeunganishwa na spika mbili kubwa za mbao. Nilimwamkia, akaniitikia, tukaketi. Wimbo wa kwanza ulipopiga hatua chache aliinua mkono kana kwamba mtu anabisha hodi, akasema, "Punguza kwanza. Hilo linalonguruma chini ni nini?" Nikamwambia ni besi, mzee. "Kumbe palikuwa na besi!" Kwa muda wa miaka karibu 50 alikuwa akiujua wimbo ule, akiuimba na kuucheza, bila ya kujua kwamba una miguu. Redio yake ndogo ya zamani ilikuwa na kispika kisichoweza kutoa sauti za chini, basi akilini mwake wimbo ulikuwa wa gita na sauti tu. Wapenzi wa muziki wa nchi nyingine hubishana sana kama CD ina joto au haina, kama santuri ni bora zaidi au si bora. Ubishi huo kwetu haukupata nafasi. Kwetu swali lilikuwa wimbo mzima au nusu ya wimbo, na kinanda hiki kiliwapa wengi nusu waliyokuwa wameikosa.

Wamiliki wake walikuwa na desturi zao. Mwalimu mmoja wa Nsemulwa alikuwa na sahani zisizopata 60, zimeandikwa namba na kuorodheshwa katika daftari la mahudhurio. Hakumruhusu mgeni kuruka wimbo. "Aliyezipanga," alisema, "alikuwa na sababu zake." Mimi nakubaliana naye nusu, sahani nyingine zilipangwa na wanamuziki, lakini nyingine zilipangwa na wafanyabiashara, na sababu zao hazifanani. Mama lishe mmoja wa sokoni aliweka nyimbo za kwaya tangu asubuhi hata alasiri, akadai kwamba wimbo wa taratibu huwafanya wateja watafune polepole, na atafunaye polepole huongeza chai. Rafiki yangu wa Katumba, makazi yaliyofunguliwa mwaka 1972 kwa ajili ya wakimbizi wa Burundi, ambao wengi wao walipata uraia wa Tanzania mwaka 2014, alikuwa na sahani mbili tu za nyimbo za Kirundi. Alizipiga Jumapili mbele ya watoto wake wazaliwa wa hapa, wasiojua Kirundi ila maneno ya salamu. Nilimwuliza kama wanaelewa. Alijibu kwamba hataki waelewe, anataka wazoee.

Sahani zote nilizozitaja mpaka sasa zilitoka kiwandani, ila zile za mama lishe. Hapana budi niseme habari za zile za kwake, kwa sababu ndizo zilizokuwa nyingi. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 vilitokea vibanda vyenye kompyuta, na kazi yake ikaitwa kuchoma. Watu walichoma CD kama wachomavyo mahindi. Neno hilo lilipatikana mitaani bila ya kamati yoyote, na ni sahihi kuliko walivyodhani wenyewe waliolitumia. Sahani ya kiwandani vishimo vyake hukandamizwa katika plastiki ngumu, kisha hupakwa alumini. Sahani ya kuchomwa haina vishimo. Ina utando wa rangi, na leza yenye nguvu huiunguza rangi hiyo madoa madoa, ili kinanda kidhani kinaona vishimo. Tofauti yake ni kama ya maandishi yaliyochongwa juu ya jiwe na yale yaliyoandikwa kwa wino. Na rangi hiyo haipendi jua, wala joto, wala unyevu. Msomaji aliyepata kukaa Mpanda mwezi wa Oktoba, chini ya paa la bati lisilo na dari, ataona mara moja ninakoelekea.

Vibanda hivyo vililaumiwa sana, na kwa haki. Sahani moja ilitiwa nyimbo 150 zilizobanwa, majina ya wenyewe yakapotea, wimbo ukaitwa kwa namba. Na katikati ya wimbo wa mapenzi ungesikia sauti ya mwenye kibanda akijitaja jina na mahali anapopatikana. Mwaka 2013 Serikali ilianzisha stempu za kodi juu ya kazi za muziki na filamu ili halali ijulikane na haramu. Lakini wakati huo simu zilikuwa zimekwisha kuanza kuifanya sahani yenyewe isihitajike. Hata hivyo mimi siwezi kuvilaani vibanda kwa moyo mzima. Kiwanda hupokea maagizo ya mamia na maelfu. Kwaya ya mji mdogo inataka nakala 100, pengine 50. Bila ya kuchoma, sauti nyingi za Katavi zisingalipata kuandikwa popote.

Na hapa ndipo penye wasiwasi wangu. Baba yangu mkubwa alikuwa mwimbaji wa kwaya moja ya Mpanda. Mwaka 2005 kwaya hiyo ilirekodi nyimbo tisa, ikachomesha sahani, ikawauzia waumini. Katika wimbo wa tatu baba mkubwa anaanzisha peke yake, kwa sauti nzito isiyo na haraka, kabla ya wenzake kumpokea. Alifariki mwaka 2011. Mama mkubwa aliiweka sahani katika mfuko wa kitambaa, ndani ya kabati la vyombo, akaipiga siku za sikukuu, na wakati mwingine siku zisizo sikukuu, mlango ukiwa umefungwa. Kwa miaka minane ilisikika safi. Pasaka ya mwaka 2019 ilifika wimbo wa tatu ikaanza kukatakata, neno moja likirudiwarudiwa kama mtu mwenye kigugumizi, kisha ikanyamaza kabisa.

Fundi aliitazama, akasema lenzi imechoka. Akabadilisha lenzi. Kinanda kikampiga Salum Abdallah vizuri kabisa kuanzia mwanzo hata mwisho, lakini baba mkubwa kikamkataa. Niliishika sahani mbele ya dirisha nikaona nuru ikipenya katika vitundu, mfano wa bati lililotoboka. Vilikuwa upande wa juu, upande wenye maandishi, ambao watu hawauogopi. Wengi hudhani uso ung'aao ndio wa kulindwa. Kumbe kile kinachotunza sauti kimelala chini kidogo tu ya maandishi, na mkwaruzo wa upande huo hauna dawa.

Sasa msomaji akumbuke zile hesabu za ziada. Kaseti ikichakaa hukuonya. Sauti hufifia mwaka hata mwaka, hupata mawimbi, nawe hujua kwamba saa imefika ya kuinakili. Sahani haifanyi hivyo. Rangi yake inafifia, kinanda kinafidia. Inafifia zaidi, kinafidia zaidi. Na muda huo wote mwenyewe anasikia muziki mzima, safi kama siku ya kwanza. Siku hesabu zinapozidiwa, hakuna tena cha kusikia. Mama mkubwa alikuwa na mgonjwa nyumbani kwa miaka kadhaa, na mgonjwa huyo alikuwa akicheka.

Mwaka 1950 Hugh Tracey alisafiri katika Tanganyika akinasa ngoma, nyimbo na ala za watu wa makabila mbalimbali. Sehemu ya kazi hiyo ilikuja kutolewa kwa CD na kampuni ya SWP ya Uholanzi. Sauti hizo zina umri wa zaidi ya miaka 70. Waimbaji wengi bila shaka wamekwisha kufariki. Lakini zimekandamizwa kiwandani, na nakala zake zimo katika maktaba za nchi nyingi. Mwanafunzi wangu akitaka kusikia Tanganyika ya mwaka 1950 ataisikia. Akitaka kusikia Mpanda ya mwaka 2005, itampasa apige hodi nyumba kwa nyumba, tena afanye upesi. Sina kinyongo na mgeni aliyetunza vizuri. Linaloniuma ni kwamba yale tuliyojirekodia wenyewe, kwa fedha zetu na kwa hiari yetu, tuliyaandika juu ya kitu dhaifu kuliko vyote, nasi tukaambiwa kwamba CD haifi.

Kwa hiyo nilipiga hodi. Likizo hiyo na zilizofuata nilizunguka kwa wanakwaya wa zamani, Kashaulili, Kawajense, hata Kakese. Nakala moja niliikuta shambani, imening'inizwa kwa uzi juu ya mpunga, ikimetameta na kuwafukuza ndege. Na mwenye shamba aliisifu kwa kazi hiyo. Nyingine ilikuwa ndani ya gari, mbele ya kioo, imepinda kwa jua. Nyingine watoto walikuwa wameifanya gurudumu. Nne zilikuwa bado katika mifuko yake. Nilizisoma zote kwa kompyuta, polepole, kila moja mara nyingi, nikichukua wimbo huu kutoka sahani hii na ule kutoka sahani ile. Kinanda kimoja cha zamani cha yule mwalimu wa Nsemulwa kilinisaidia mahali ambapo kompyuta ilishindwa, kwa sababu ambazo fundi alinieleza nami sikuzielewa zote. Nyimbo saba zimepatikana nzima. Wa tisa haukupatikana kabisa. Wa tatu umepatikana hata katikati ya ubeti wa pili.

Nyimbo hizo nimezihifadhi katika kompyuta mbili na katika kumbukumbu za idara yetu chuoni, na wanakwaya waliobaki wamepewa kwa simu. Mama mkubwa nilimletea katika flashi. Aliigeuzageuza kiganjani akaniuliza, "Mwanangu, humu ndimo alimo?" Nikamjibu, ndimo, mama. Akasema kwamba haina mahali pa kuandika jina. Basi nilimchomea na sahani pia, nikimweleza kwamba haitadumu na kwamba kila baada ya miaka michache nitamletea nyingine. Akaipokea kwa mikono miwili, akaandika jina la marehemu kwa kalamu laini niliyompa, akaitia katika mfuko ule ule wa kitambaa.

Tuliipiga siku hiyo hiyo. Wimbo wa tatu ulipofika pale unapokatika, nilinyosha mkono ili niruke kwenda wa nne. Alinizuia. Chumba kikawa kimya. Yeye akaendelea mwenyewe, kwa sauti ya chini, ubeti wa pili uliobaki na wa tatu wote, huku kinanda kikizunguka bila kutoa neno. Nilimwomba ruhusa ya kumrekodi, akakataa. Alisema mwenye wimbo si yeye.

Nimeambiwa kwamba mwanakwaya mmoja wa sauti ya pili alihamia Inyonga zamani, akaondoka na sanduku lake la sahani, na kwamba alikuwa mtu wa kutunza vitu. Likizo ijayo, mvua zikiruhusu, nitakwenda Inyonga.